Siku Sajenti Alipochukuliwa

Kuna kovu hapa juu ya kifundo cha mguu wangu wa kulia, limezunguka kama bangili, na kila mtu akiliona anauliza kama niliwahi kufungwa jela. Huwa nasema ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Haya, leo wacha nieleze. Mimi nauza maji Naivasha. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi mpaka meno ya watu yanageuka rangi ya chai ya rangi, kwa hivyo maji masafi ni biashara, na hiyo biashara mimi naifanya na mkokoteni, mitungi kumi na sita ya lita ishirini, na punda mmoja dume anaitwa Sajenti. Jina alipewa na kijana wangu Brayo akiwa darasa la pili, aliona ule mstari mweusi unaoshuka begani akasema ni cheo. Karibu punda wote wako na huo mstari lakini mtoto ungemwambia nini.

Sasa zamani punda hakuwa anaibiwa. Ungemwiba umpeleke wapi? Usiku ulikuwa unamfungulia anazurura akitafuta maganda ya viazi, asubuhi unampata amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyekosewa. Halafu 2016 hapa kwetu kikafunguliwa kichinjio cha punda, ngozi zinaenda China zinachemshwa zinatengenezwa dawa wanaita ejiao, wanasema inaongeza damu. Tukacheka sana. Tukaacha kucheka punda walipoanza kuisha. Kufikia 2019 wale watu wa utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, walitoa ripoti kwamba punda zaidi ya laki tatu walikuwa wamechinjwa nchini kati ya 2016 na 2018, na jamaa mmoja akatusomea kwa simu pale tunapochotea maji, tukawa kimya kama watu wa matanga. Maana punda si sungura. Anabeba mimba mwaka mzima, azae mmoja, na huyo mmoja ungoje miaka kadhaa kabla hajavuta kitu.

Na wizi ulikuwepo, nisidanganye. Baba Shiro alimpoteza wake, tukaenda kumtafuta, tukampata kwenye vichaka vya leleshwa huko nyuma. Yaani tulipata kichwa na kwato nne zimepangwa karibu karibu kama viatu mlangoni mwa msikiti. Baba Shiro aliokota ile kamba ya shingoni akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Hiyo siku hakuna aliyekula nyama, kwanza kwa huzuni, pili kwa sababu nyama ya kichinjio cha mtaani ilishuka bei ghafla na hakuna aliyetaka kujua kwa nini.

Kutoka hapo ndio uvumi ulianza, na uvumi ukishaanza Naivasha hauhitaji kuvutwa na punda.

Kwanza ikasemekana wezi wanavalisha punda soksi kwato zote nne ili asisikike kwenye lami. Mama mmoja aliyeanua nguo akakosa soksi mbili alitupigia simu akilia. Halafu ikasemekana wanampulizia kitu puani anawafuata mwenyewe kama mtu ameokoka. Halafu ikaja ile ya Probox nyeupe. Haina namba. Inapita saa nane usiku, taa zimezimwa, punda anaingizwa nyuma, kwisha.

Mimi niliuliza swali la maana, punda anaingiaje kwa Probox? Nilishambuliwa! Mmoja alisema yeye ameona Probox imebeba ng'ombe na mwenye ng'ombe na godoro. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu jamaa anayeleta mikate madukani alisimama pale karibu na bomba, na gari yake ni Probox, nyeupe, tukamwomba atufungulie nyuma tupime tu. Tulipima kwa kamba. Tukapima Sajenti kutoka kifua mpaka mkia, tukarudi kwa gari, tukamlaza kwa mawazo, tukakunja miguu kwa mawazo. Anaingia, mradi viti vimelazwa na kichwa kitoke dirishani. Jamaa wa mikate alituangalia vile tunavyonong'ona na ile kamba, akafunga buti akaondoka hata chenji ya duka hakungoja. Nadhani naye kwao alipeleka uvumi wake.

Hapa lazima nikiri kitu. Mimi pia nilichangia. Usiku mmoja nilisikia gari imesimama nje kidogo ikaondoka, nikarekodi sauti nikatuma kwa grupu letu la wenye punda, ile sauti ya chini chini ya mtu amejificha chini ya kitanda, "wazee hao watu wako hapa, nawasikia." Watu walikesha! Asubuhi nikajua ilikuwa ni gari ya maziwa inapelekea hoteli. Ningesema? Tayari nilikuwa nimeitwa shujaa na watu wawili. Nikanyamaza.

Tukaanza doria za zamu, kila mtu na firimbi. Lakini mimi sikuamini doria, kwa sababu nilikuwa nalala nikiwa kwa doria na nilijua wenzangu si bora kuliko mimi. Minyororo nayo ilisemekana inakatwa kwa mkasi wa chuma. Ndio nikapata wazo. Nyumba yangu ni ya mabati, na pale chini karibu na kitanda bati lilikuwa limeoza likaacha shimo la kutosha paka. Nikachukua kamba ya katani, nikafunga upande mmoja mguu wa Sajenti, nikaipitisha kwa lile shimo, upande mwingine nikafunga mguu wangu. Mwizi akimgusa tu, nasikia. Ni kama kengele, na haitumii stima.

Mama Brayo alinitazama nikijifunga akasema, "Baba Brayo, ungenifunga mimi hivyo siku ya harusi ningeelewa."

Usiku wa kwanza sikulala, Sajenti akijikuna nami najikuna. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nilishazoea mpaka nikawa napenda, kaushikaji fulani hivi, unavutwa kidogo unajua rafiki yuko. Kumbe usiku wa nne cucu, yaani bibi mzee, wa ploti ya chini alikuwa ameletewa punda jike kutoka Ol Kalou, na huyo jike alikuwa anatafuta dume, na hiyo habari haikuletwa kwa grupu.

Ilikuwa saa nane na kitu. Niliota nimepata basi ya kwenda Nairobi imeanza kuondoka mguu wangu mmoja ukiwa mlangoni. Niliamka nikiwa chini. Nikaanza kusafiri sakafuni, nimelala chali, blanketi inanifuata, sufuria inanifuata, halafu mguu ukaingia kwa shimo na bati likanishika hapo juu ya kifundo, mamangu! Sajenti akavuta tena. Mimi nikapiga nduru, na kwa uchungu na usingizi maneno yaliyotoka ni haya haya, kwa sauti ya mtu wa mnada:

"SAJENTI ANACHUKULIWA! WANAMCHUKUA SAJENTI! PROBOX! PROBOX!"

Mama Brayo akanishika makwapa akaanza kunivuta ndani. Sajenti ananivuta nje. Brayo naye akaamka akashika shati la mamake akavuta, sasa ikawa ni mashindano ya shule ya kuvuta kamba na kamba ni mimi. Mama Brayo akachukua kisu cha mboga.

"Nakata!"

"Usikate! Ukikata watampeleka!"

"Nitakata kamba ama nikate mguu?"

Nilifikiria. Nawaambia ukweli, nilifikiria. Alikata kamba kabla sijajibu, na huko nje tukasikia kwato zinaenda mbio, bila soksi.

Sasa kitu ambacho sikuwa nimekumbuka ni kwamba nyumba tatu kutoka kwangu anaishi sajenti. Sajenti kamili, wa polisi. Mtu mpole, halipii maji kwa wakati lakini mpole. Kwa hivyo mtaa mzima unaamshwa usiku wa manane na sauti inalia sajenti anachukuliwa na watu wa Probox, mtu angefanya nini? Firimbi zikaanza huku, zikajibiwa kule. Watu wakatoka na rungu, mapanga, mmoja na jembe la ng'ombe sijui alitaka kulima nani. Mwenye simu ya haraka akapigia stesheni: sajenti wenu ametekwa nyara, gari nyeupe, haina namba.

Mimi nilitoka nikichechemea, damu imejaa ndara, nikakuta umati umezunguka mlango wa afande unapiga kelele, na mlango ukafunguliwa na afande mwenyewe. Alikuwa amejifunga taulo la waridi. Akamulika tochi usoni mwa watu.

"Nini mbaya?"

"Afande, umechukuliwa!"

"Nimechukuliwa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja alimshika mkono taratibu kuhakikisha.

Hapo mambo yangeisha vizuri. Lakini kule barabarani kundi la pili halikuwa na habari kwamba sajenti amepatikana, na mungu si Athumani, mwenye mikate siku hiyo aliamua kuwahi. Probox nyeupe ikakata kona na taa moja imeungua. Jamani! Ilizingirwa hata kabla haijasimama. Jamaa alijifungia ndani akaanza kuomba kwa Kikuyu, Kiswahili na lugha zingine sikuzitambua. Watu wanagonga kioo, "Toa sajenti! Toa sajenti!" Naye anapiga kelele, "Sina sajenti, nina mikate!" Nisingependa kukumbuka vile ingeisha kama afande hangefika mbio, mkono mmoja umeinuliwa juu kusimamisha watu na mwingine umeshikilia taulo, akapanda kwenye jiwe akasema kwa ile sauti ya gwaride, "Mimi hapa! Niko hapa! Rudini nyumbani!" Watu wakamwangalia. Mmoja akauliza, kwa heshima, kama ametoroka mwenyewe ama wamemwachilia.

Buti likafunguliwa. Ilikuwa mikate. Ilivyofungwa ilikuwa imepungua kumi na moja. Hiyo kumi na moja nililipa mimi, ndio maana naikumbuka.

Gari ya polisi ilifika, askari wanne wamekuja kumwokoa sajenti, wakamkuta na taulo anaelekeza magari. Wakauliza nani alipiga nduru ya kwanza. Ajabu ni vile umati wa watu mia hivi unaweza kukuachia nafasi kubwa ya kusimama peke yako.

Nilieleza. Nilianza na Sajenti ni punda. Yule askari aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu, akamwangalia mkubwa wake, akanitazama, "Umesema afande ni nini?"

Kulipopambazuka tulimfuata Sajenti kwa nyayo. Yuko kwa cucu. Ua wa kei-apple umefunguka kama lango, sukuma wiki yote iko chini, na yeye amesimama pembeni ya yule jike ametulia, kamba inaning'inia mguuni, na kwenye kamba kuna kipande cha suruali yangu ya kulalia. Cucu alikuwa amekaa kwa mtungi akitungoja.

"Wewe ndiye ulisema kuna wezi wa punda?"

"Ndiyo, cucu."

"Mmoja ndiye huyo."

Nikaenda dispensari. Nesi alikuwa wa makamo, mkali kidogo, akasafisha kidonda akaniuliza nimekatwa na nini. Nikasema bati. Bati lilikukataje? Nikasema nilivutwa na punda. Akanyamaza, akavuta dawa kwa sindano, akasema, "Sasa nakudunga ya pepopunda." Watu wangu, nilikasirika! Nilimwambia sista, mimi ni mgonjwa, nimelipa, hakuna haja ya kunichekelea. Akanionyesha bango ukutani, chanjo ya pepopunda, mtoto anachanjwa. Miaka yote hiyo nilikuwa najua tetenasi tu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, 2020, waziri wa kilimo Munya akatangaza kupiga marufuku kuchinja punda. Mwaka uliofuata mahakama ikabatilisha, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara ya ngozi bara zima, hayo yote tuliyasikiliza kwa makini sana. Mimi shimo niliziba siku ile ile. Kwa grupu nikatolewa, nikarudishwa baada ya mwezi kwa sharti nisirekodi sauti.

Na kama nilivyosema, punda anabeba mimba mwaka mzima. Mwaka ukaisha, jike wa cucu akazaa, mtoto mweupe mweupe hivi, hafanani na babake wala mamake, na watoto wa ploti hawakungoja mtu awaambie, wakamwita Probox. Cucu akanitumia mtu. Nilidhani ni kunishukuru. Nikampata amevaa leso ya sherehe, yuko na wazee wawili, nikapewa stuli ya chini. Akasema ua na sukuma nilishalipa, hayo hana neno, lakini msichana wake alichukuliwa usiku bila wazee kujua, na kwa nyumba yake mambo hayaendi hivyo. Mahari ikawa mitungi arobaini ya maji.

Nilimaliza arobaini. Nikaenda kumwambia nimemaliza, akacheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza ni Mkikuyu gani alikuambia mahari huwa inaisha. Kwa hivyo kila Jumamosi napeleka mtungi mmoja, Sajenti anavuta, Probox anatufuata mpaka kona. Jumamosi iliyopita nilichelewa kidogo, cucu akanipigia simu kuuliza kama Sajenti amechukuliwa tena, na huku nyuma yake nasikia watu wanacheka, na mmoja wao, nina hakika, ni afande.