Rimu za inchi 20 kwenye VX ya zamani: unachopata na unachopoteza

Land Cruiser ya 80, ambayo mtaani wengi tunaiita VX ya zamani, iliingia sokoni mwaka 1990. Zile za daraja la juu zilikuja na rimu za inchi 16 na tairi za 275/70R16, yaani upana wa milimita 275, ubavu wa asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Zilizobaki leo, nyingi zimehamia mjini. Mwenye gari ananyoosha bodi, anapiga rangi, anabadilisha springi na shokapu, halafu linakuja suala la rimu za spoti. Wapo wanaoona kumvalisha mzee huyu inchi 20 ni kumharibu. Wengine wanasema gari linalokwenda kazini na kurudi kwa lami halina haja ya viatu vya porini.

Hawa wa pili wana hoja, na si ya urembo peke yake. VX ina uzito wa zaidi ya tani mbili na bodi yake ni ndefu kwenda juu. Ukikata kona kwa haraka na tairi lenye ubavu mrefu, ubavu ule unalala kwanza ndipo gari linafuata usukani. Ubavu mfupi unapunguza kulala huko, na gari linatulia zaidi kwenye mzunguko wa barabara kuu. Kuna pia suala la upatikanaji: 275/70R16 si tairi la kuokota kila duka siku hizi, na wengi huishia kufunga 265/70R16 ya Prado. Lakini 285/50R20 ndiyo inayovaliwa na Lexus LX570, kwa hiyo katika miji mikubwa inapatikana.

Tena hesabu ya kimo inawaunga mkono. Tairi la 275/70R16 lina kimo cha milimita 791 hivi, na 285/50R20 lina 793. Spidi inayosomeka haibadiliki, giya hazibadiliki, gari halishuki. Anayeharibu ni yule anayefunga 275/45R20 kwa sababu ameipata kwa bei nzuri. Hiyo ina kimo cha 755 tu. Gari linashuka karibu sentimita mbili, na spidi inayosomeka inazidi ya kweli kwa kiasi cha asilimia tano.

Kimo kikiwa kilekile na rimu imekua, maana yake mpira umepungua, na hapo ndipo ninapoachana nao. Ubavu wa 275/70R16 ni milimita 192. Wa 285/50R20 ni 142. Sentimita tano za mpira na upepo zimeondoka, na kwenye gari hili sentimita hizo zilikuwa na kazi. VX ya zamani ina ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kwa hiyo pigo la kushoto linafika kulia. Tairi ndilo linalopokea pigo kabla ya springi. Mtu aliyepita barabara ya Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, anaijua ile mikunjo ya changarawe inayotikisa hadi meno. Pale ubavu mrefu uliopunguzwa upepo kidogo unafanya kazi ambayo shokapu peke yake haiwezi. Kwenye mchanga ni vivyo hivyo: unapunguza upepo ili tairi litandike chini na likanyage eneo kubwa. Tairi fupi halina nafasi ya kutandika, na ukilazimisha, rimu inagonga chini.

Rimu yenyewe nayo ina mambo yake. Ya chuma ikipinda kwenye shimo, fundi anaigonga inarudi na safari inaendelea. Ya alumini inapasuka, na nisingemweka mwanangu kwenye gari lenye rimu ya alumini iliyochomelewa, hata kama mchomeleaji ni hodari. Kabla ya kulipa, geuza rimu uangalie mgongoni. Tafuta alama za JWL au VIA, ambazo ni za viwango vya Kijapani, pamoja na namba ya uzito inaoruhusiwa kubeba. Kama mgongo ni mtupu, irudishe.

Tairi pia lina namba ya mzigo. 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na hiyo inatosha. Lakini kuna tairi za inchi 20 za magari madogo zenye namba 100, yaani kilo 800. VX iliyojaa watu saba na mizigo inakaribia tani tatu, na nyuma hubeba zaidi ya mbele. Hapo akiba imekwisha.

Matatizo mengi zaidi ninayoyaona yanaanzia kwenye ufungaji. Matundu sita ya VX yanalingana na ya Prado, basi watu wanadhani kila rimu ya matundu sita ni yake. Rimu ya alumini ya VX ina ofseti sifuri, yaani uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) uko katikati kabisa ya upana wa rimu. Nyingi za Prado zina milimita 25 au 30, kwa hiyo gurudumu linaingia ndani karibu sentimita tatu, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linasugua vyuma vinavyoshika ekseli. Ndipo inaletwa spesa, kipande kinachowekwa kati ya rimu na habu ili gurudumu litoke nje. Ile nene yenye bolti zake, inayokaa sawasawa kwenye habu, si mbaya. Sahani nyembamba zinazochomekwa tu zinakula nyuzi za bolti, na nati inabaki imeshika kidogo.

Halafu nati. Zile za rimu ya alumini ya Toyota zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za spoti zina tundu la mteremko linalotaka nati yenye ncha ya koni. Ukifunga za washa bapa kwenye tundu la mteremko zitakaza na utaona kila kitu kiko sawa, lakini zimekalia ukingo mwembamba tu na zitalegea njiani. Seti mpya ya nati ni gharama ndogo mno ukilinganisha na rimu zenyewe.

Ninavyoona, sehemu kubwa ya utulivu unaosifiwa inatokana na tairi, rimu haihusiki sana. Aliyetoka kwenye tairi za matope zinazovuma na kuteleza kwenye lami iliyolowa, akafunga 20 zenye tairi za lami, anaisifu rimu. Angefunga tairi za lami kwenye inchi 16 zake, angepata karibu yote hayo na mpira wake akabaki nao. Asiyeridhika, kuna njia ya kati: rimu ya matundu sita ya inchi 18 yenye tairi za 285/60R18. Hicho ni kipimo cha Land Cruiser V8, kwa hiyo zipo madukani, na ubavu wake ni milimita 171. Usinunue rimu za V8 yenyewe, maana zina matundu matano.

Anayeamua 20 kwa gari lisilotoka mjini simlaumu, ila asiuze seti ya zamani, na nati zikazwe tena baada ya kilomita mia hivi. Tairi la akiba nalo liwe la kimo kilekile. VX nyingi zinavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na tairi moja fupi kuliko mengine linaifanya difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, izunguke bila kupumzika hadi ichoke.