Theluji ya Kwanza ya Familia ya Kusini Itafutwe Lesotho, Mwezi wa Juni

Mzazi wa Mtwara au Lindi anayetaka kuwapeleka wanawe kujifunza kuteleza kwa skii kwenye theluji hushauriwa na karibu kila mtu aende Uswisi au Ufaransa, na mara nyingi mtoa ushauri huyo hana ushahidi zaidi ya picha alizoziona kwenye simu. Maoni yangu ni tofauti. Kwa familia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufunga miguuni skii, yaani zile mbao mbili ndefu nyembamba za kutelezea, na yenye vijana wa sekondari, kituo kidogo cha Afriski katika milima ya Maluti, kaskazini mwa Lesotho, kinafaa kuliko Alps, yaani milima ya huko Ulaya, na fedha itakayookolewa kwa kutokwenda mbali ilipie walimu, viatu vinavyokaa sawasawa mguuni na bima. Nasema haya nikiwa mtu aliyejifunza ukubwani, nilipokuwa masomoni Trondheim nchini Norway, ambako watoto wa chekechea walikuwa wakinipita bila hata kunitazama.

Tuanze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayoamua mambo mengi kabla mzazi hajahesabu shilingi. Lesotho iko kusini ya kutosha kuwa na kipupwe cha kweli, na msimu wake wa theluji huanzia Juni hadi Agosti, wakati shule zetu zikiwa kwenye likizo ya katikati ya mwaka. Ulaya msimu huanza Desemba, na ni kweli kwamba Desemba nako tuna likizo, lakini wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ambayo bei za huko hupanda na miteremko hujaa watu. Kuna pia suala la korosho. Minada huanza Oktoba, na malipo kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) huendelea kuingia hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo familia inayotegemea mikorosho ya ukoo haiwezi kupanga safari ya Desemba kwa fedha isiyojua itaingia lini, ilhali safari ya Juni hupangwa kwa fedha ambayo tayari imeshahesabiwa na kuwekwa benki.

Viza nayo ina uzito wake. Mwombaji wa viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uswisi na Ufaransa, mwenye umri wa miaka 12 au zaidi hulipa ada ya mtu mzima, ambayo tangu mwaka 2024 ni euro 90, anatakiwa kuonyesha bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000, na akikataliwa ada hairudi. Kwa baba, mama na vijana watatu hiyo ni fedha inayoweza kupotea kabla hata mkoba haujafungwa. Afrika Kusini humruhusu Mtanzania kuingia bila viza kwa ziara fupi, na masharti ya kuvuka kwenda Lesotho yaulizwe ubalozini mapema, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya ridhaa iwapo anasafiri mzazi mmoja tu.

Ndani ya familia yenyewe, mwaka wa kwenda uchaguliwe kwa kuangalia vidato. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Nne ana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, na shule nyingi huwabakiza kambini mwezi wa Juni. Aliyemaliza Kidato cha Sita mwezi Mei anaweza kuwa anasubiri kuitwa JKT. Kidato cha Kwanza na cha Tatu ndiyo miaka yenye nafasi, na mwenye watoto wawili waliopishana miaka miwili ana bahati ambayo pengine hakuipanga.

Hoja kubwa ya wanaopendelea Alps ni ukubwa wa milima yao. Eneo la Les Trois Vallées nchini Ufaransa lina njia za kuteleza zenye jumla ya kilometa 600, nami sina ubishi kwamba ni mahali pa ajabu. Lakini mtu anayeanza hutumia siku mbili za mwanzo kwenye kipande cha mteremko laini chenye mita mia moja hivi, akipanda kwa zulia linalotembea na kushuka kwa hofu, na tiketi ya kilometa 600 haimsaidii chochote. Afriski ina mteremko mkuu wa karibu kilometa moja na sehemu ya wanaoanza pembeni yake. Udogo huo una faida nyingine ambayo mzazi wa vijana ataithamini zaidi ya nyingine zote: unaweza kumwachia kijana wa miaka 15 uhuru wa kweli, ukamwambia mtaonana saa saba mchana, na ukiwa umekaa na kikombe chako cha chai ukamwona anapanda na kushuka. Kwenye mabonde yaliyounganishwa na lifti mia na zaidi, yaani mitambo ya kamba ya kupandishia watu mlimani, kijana akikosea lifti moja jioni hujikuta bonde jingine, na hapo uhuru wake unageuka kuwa msako.

Kasoro za Afriski zipo na zisifichwe. Sehemu kubwa ya theluji yake hutengenezwa kwa mashine zinazorusha maji kwenye baridi ya usiku, kwa hiyo mwanzo wa Juni unaweza kukuta tabaka jembamba, na mwishoni mwa wiki watu wa Johannesburg hufika kwa wingi hadi foleni ya lifti ikachosha. Dawa yake ni kwenda katikati au mwishoni mwa Juni, na kuteleza kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha safari yote, yaani nani amfundishe nani. Mzazi asimfundishe mwanawe, hata kama yeye mwenyewe alishawahi kujaribu mahali fulani. Saa za mwanzo za skii si za kuteleza. Ni za kujifunza kutembea na viatu vigumu, kuanguka kwa ubavu, kuinuka, na kuzielekeza ncha za skii zikaribiane mbele huku mikia ikiwa imeachana, kwa kuwa umbo hilo ndilo breki ya mtu anayeanza. Mwalimu anayefanya kazi hiyo kila siku huona kosa moja na kulisahihisha kwa maneno machache, ilhali mzazi huona makosa yote na kuyasema yote, na kijana wa miaka 14 aliyekwisha kuanguka mbele ya wageni hahitaji hotuba. Afadhali familia ilipie somo la kikundi kila siku kuliko kulipia chumba kizuri.

Napendekeza pia wazazi na vijana wawe vikundi tofauti. Sisi tumelelewa katika desturi ambamo mtoto hamcheki mkubwa, na mkubwa hategemei kushindwa na mtoto mbele za watu, lakini kwenye theluji mpangilio huo haudumu hata siku mbili: vijana, kwa wepesi wa viungo na kutoogopa kuanguka, watakuwa wanashuka mteremko mkuu wakati baba angali anashindana na zulia. Baba anayejua kwamba hali hiyo itamkera aseme mapema nyumbani, apewe saa zake na mwalimu wake, kisha wote wakutane mezani. Anayeweza kuchekwa naye akacheka atafurahi kuliko wote.

Vijana wengi watataka ubao mmoja wa kusimama kiubavu badala ya skii mbili, kwa kuwa ndio wanaouona kwenye video. Sioni sababu ya kuwakataza, ila wajue kwamba siku za mwanzo za ubao zina maumivu zaidi na kuanguka kwake huishia kwenye viganja na makalio, hivyo kinga za viganja ni lazima, ilhali skii hupokelewa na mwili kwa urahisi zaidi mwanzoni na hatari yake kubwa iko kwenye magoti. Uamuzi ufanyike kabla ya kuondoka, na usibadilishwe katikati ya safari.

Kwenye duka la kukodisha vifaa, mtumishi atauliza uzito, urefu, umri na uzoefu wa kila mmoja, kisha ataupima mguu. Majibu hayo hutumika kurekebisha kifungio kinachoshika kiatu kwenye skii ili kiachie mtu anapoanguka vibaya na kisiachie anapogeuka kawaida. Kijana anayepunguza uzito wake kwa aibu, au anayejidai mzoefu ili asionekane mgeni, anampa mtumishi vipimo vya mtu mwingine. Mzazi awaeleze hilo mapema, na ikibidi uzito uandikwe kwenye karatasi badala ya kutamkwa mbele ya ndugu. Kiatu chenyewe kibane kisigino na kifundo bila kuumiza vidole, na kivaliwe na soksi moja tu ndefu. Kuvaa soksi mbili kwa kuogopa baridi ndiyo njia ya haraka ya kupata malengelenge.

Kuhusu nguo sina mengi. Makoti na suruali za theluji huingia nchini ndani ya marobota ya mitumba, na wauzaji wa Dar es Salaam huwa hawana wateja wengi wa nguo hizo, kwa hiyo bei huzungumzika. Ndani zivaliwe tabaka nyembamba za sufu au nailoni, kwa kuwa fulana za pamba na jinzi hulowa na kubaki zimelowa. Glavu zinunuliwe mpya na zisizopitisha maji. Kofia ngumu ikodishwe hukohuko, isinunuliwe mtumba ambao hujui uliwahi kugongwa wapi. Binti anayejistiri avae hijabu nyepesi ya michezo, ambayo hukaa vizuri chini ya kofia hiyo, wala pasiwe na mtandio au skafu inayoning'inia ikaja kunaswa na lifti.

Afya ndiyo sehemu ambayo mtu wa pwani anapaswa kuitazama kwa makini kuliko mgeni mwingine yeyote. Afriski iko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, yaani kimo kilicho kati ya kituo cha Mandara na kile cha Horombo kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, na sisi tunatoka ufukweni. Kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kichefuchefu vinawezekana kabisa. Safari ipangwe kwa kupumzika usiku mmoja Johannesburg, ambako tayari ni zaidi ya mita 1,700, na mwingine karibu na mji wa Butha-Buthe, Lesotho, kabla ya kupanda, na siku ya kufika isiwe ya kuteleza. Jua nalo ni kali kuliko linavyohisiwa, kwa kuwa miale yake hatari huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Ngozi nyeusi haiyalindi macho.

Kabla ya yote hayo, vijana wapimwe seli mundu ikiwa hali yao haijulikani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mchanganyiko wa baridi, kupungukiwa maji na hewa yenye oksijeni kidogo unaweza kumletea mgonjwa maumivu makali na hatari kubwa zaidi. Mimi nisingempeleka kijana mwenye seli mundu kwenye kimo hicho. Anayebeba kinasaba kwa upande mmoja tu amwulize daktari wake kwanza. Na homa ikimpata mtu siku kadhaa baada ya kuondoka Mtwara, daktari wa Lesotho aambiwe bila kusubiri aulize kwamba mgonjwa ametoka mahali penye malaria. Kwao hakuna malaria, na ni rahisi homa hiyo kudhaniwa kuwa mafua ya baridi. Kipimo cha haraka na dawa mseto vibebwe kutoka nyumbani.

Barabara ya kupanda kutoka Butha-Buthe ina kona kali na huweza kuganda asubuhi. Magari huko hupita kushoto kama kwetu, jambo linalowapa madereva wetu ujasiri wasioustahili, maana hakuna aliyejifunza kushika breki juu ya barafu kwenye barabara ya Mtwara hadi Mingoyo. Akodiwe dereva Msotho, na atoke saa tatu asubuhi jua likiwa limeshapanda.

Kwa familia ambayo bado ina wasiwasi, Dubai ni kituo cha majaribio ambacho wafanyabiashara wetu wanakipita kila mwezi bila kukitazama. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la Mall of the Emirates, ina theluji mwaka mzima na njia ndefu kuliko zote ina mita 400. Kwame Nkrumah-Acheampong, aliyeiwakilisha Ghana kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, alianzia kwenye ukumbi wa namna hiyo huko Milton Keynes, Uingereza, kwa hiyo hakuna sababu ya kuudharau. Ila ni mchezo wa saa chache, hauwezi kuwa likizo.

Mlimani siku nne zinatosha, tatu za kujifunza na moja ya akiba kwa ajili ya upepo, homa au miguu iliyogoma. Masomo yalipiwe mapema kwa siku mbili za kwanza tu, na siku ya tatu kila kijana aulizwe kivyake, bila ndugu zake kusikia, kama anataka kuendelea. Anayekataa asihesabiwe kuwa amepoteza fedha ya baba. Pale pale kuna sehemu ya kuteleza kwa mpira wa hewa, isiyohitaji mafunzo yoyote, na tiketi yake ikatwe siku hiyohiyo.