Kasisi Ioann Kochurov hakuuawa kwa ajili ya siasa

Siafiki kauli ya makala moja niliyoisoma, inayodai kwamba Kasisi Ioann Kochurov wa Kanisa la Kiorthodoksi aliponzwa na siasa. Mwishoni mwa Oktoba 1917, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, aliongoza maandamano ya sala katika mitaa ya Tsarskoye Selo, mji ulio karibu na St. Petersburg, mizinga ikinguruma, akiomba vita vya ndugu kwa ndugu vikome. Wabolsheviki, wanamapinduzi wa kikomunisti waliokuwa wakitwaa madaraka Urusi, walipouteka mji, walimkamata wakampiga risasi. Je, kuomba amani ni siasa?

Inasikitisha pia kwamba utumishi wake wa Marekani, kuanzia 1895 hadi 1907, haukutajwa kabisa katika makala hiyo, ilhali ndiye aliyehangaika kuchangisha fedha za kujenga Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Chicago, lililosanifiwa na Louis Sullivan na kuwekwa wakfu mwaka 1903. Kanisa la Urusi lilimtangaza mtakatifu mwaka 1994.