Bogenvilia ya Dodoma inanyimwa maua na mpira wa maji

Pita kwenye vitalu vya miche vya kandokando ya barabara hapa Dodoma mwezi wa saba. Utakuta bogenvilia zimebanwa kwenye viriba vidogo, vumbi limezikalia, zinapata maji pale muuzaji anapozikumbuka, na bado zimechanua mpaka majani hayaonekani. Mtu ananunua mche huo huo, anaupeleka Kisasa au Iyumbu, anauchimbia shimo zuri, anaujazia samadi na kuumwagilia kila jioni. Baada ya miezi sita ana kichaka cha kijani kilichoupanda ukuta, miiba mirefu kama sindano za magunia, ua hata moja hakuna. Hapo ndipo maneno yanapoanza: Dodoma kukame, maua hayakubali huku, muuzaji kanipa mche mbovu.

Mche haukuwa mbovu. Ukame wa Dodoma ndio unaoifaa bogenvilia kuliko hali ya hewa ya Dar es Salaam, na kwenye nyumba nyingi za hapa kinachoinyima maua ni mpira wa maji. Pale kitaluni mizizi ilikuwa imebanwa na kiu inakuja na kuondoka, kwa hiyo mmea ulichanua. Nyumbani umepewa raha, nao unatumia raha hiyo kurefuka.

Chukua tawi la bogenvilia ulitazame kwa karibu, pale kwenye kwapa la jani. Kwenye tawi lililoshiba maji na mbolea utakuta mwiba. Kwenye tawi lililoonja kiu, mahali pale pale, utakuta kikonyo chembamba chenye vijani vitatu vya rangi. Mwiba na kikonyo cha ua vinaanza kama kichipukizi kimoja, na hali ya mmea ndiyo inayoamua kitakuwa nini. (Hivyo vijani vya zambarau au vyekundu tunavyoviita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe katikati, na kila kijani kina cha kwake.) Kwa hiyo bogenvilia iliyojaa miiba mirefu na mipya haina ugonjwa wowote. Imeshiba.

Katika nchi za mbali na ikweta, mchana mfupi ndio unaoisukuma bogenvilia kuchanua. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki hata saa nzima. Kwetu kalenda ya maua inashikwa na maji. Mvua zinaanza Desemba na kukata Aprili, kisha tunapata kiangazi cha miezi saba chenye jua kali na usiku wa baridi Juni na Julai. Bustani nyingine zinakilia kiangazi hicho. Bogenvilia inakingoja.

Tena mkoa huu tayari una watu wenye ujuzi unaotakiwa: wakulima wa zabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anajua kwamba mzabibu hauzai kwenye tawi la zamani, unazaa kwenye chipukizi linalokuja baada ya mkasi, na anapogoa bila kuuonea huruma. Bogenvilia nayo huchanua kwenye matawi mapya. Anayeiacha ikue miaka mitatu bila kuikata, akiamini anaitunza, anabaki na miti mikavu chini na rangi kidogo juu kabisa, upande wa jirani.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa Dodoma ni huu. Wiki ya mwisho ya Aprili, mvua ikishakata, kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi, na yale membamba yaliyosongamana ndani yaondoe kabisa. Mpe mti wenye umri wa miaka miwili au zaidi vijiko viwili vya chakula vya mbolea ya NPK 17:17:17, vitawanywe kwenye duara lililo nusu mita kutoka kwenye shina, kisha dumu moja la lita 20. Endelea na dumu moja kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Chipukizi zikifika urefu wa sentimita 30, chuna ncha zake ili zigawanyike, halafu funga maji.

Kufunga maji ndiko kunakowashinda watu. Unasubiri mpaka majani yalegee saa sita mchana na bado yawe yamelegea jua linapozama. Kulegea kwa mchana tu hakuhesabiki, kwa kuwa hata mmea ulioshiba hulegea kidogo kwenye jua la Dodoma na kuinuka jioni. Ukiona umelegea mpaka jioni, upe nusu ndoo, kisha uache tena. Mti wa miaka mitatu kwenye kichanga chekundu unaweza kwenda wiki tatu kabla ya kufika hapo, ilhali wa kwenye chungu unafika kwa siku nne au tano. Rudia hivyo mpaka uone vichembe vya rangi, vidogo kama punje ya uwele, vimechomoza kwenye makwapa ya majani. Siku hiyo kiu iishe. Rudisha maji ya kiasi, dumu moja kila baada ya siku kumi hivi, kwa sababu mmea ulioachwa mkavu kabisa wakati huu utadondosha hizo rangi kabla hazijafunguka. Wapo wanaofaulu kuutesa mmea hadi ukatoa maua, wakaendelea kuutesa mpaka yakapukutika, wakasema njia hii ni ya uongo.

Urea usiipeleke karibu. Nitrojeni nyingi inaleta majani na miiba. Majivu nayo, ambayo kila mtu hukuambia uweke kwenye maua, siyaungi mkono kwa hapa. Majivu yanapunguza tindikali ya udongo, na bogenvilia inapenda udongo wenye tindikali kidogo, pH (kipimo cha tindikali, kinachopanda tindikali inapopungua) kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana madini mengi, kama unavyoona kwenye ukoko mweupe wa birika la chai, na ukimwagilia kwa maji hayo mwaka mzima umeshapandisha pH vya kutosha bila kuongeza majivu.

Hapa nieleze tatizo linalozikumba nyumba mpya, na Dodoma imejaa nyumba mpya. Fundi akimaliza kupiga lipu, mabaki ya saruji na chokaa hufukiwa hapo hapo chini ya ukuta, na baadaye mwenye nyumba anapanda bogenvilia juu yake. Miezi michache tu, majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, tena udongo wetu mwekundu unakipata wekundu wake humo, ila saruji imeifanya mizizi ishindwe kukichukua. Kumwaga maji hakusaidii, na samadi peke yake haitoshi. Chimba uyatoe mabaki, rudishia udongo safi uliochanganywa na samadi iliyoiva na konzi moja ya salfa ya unga, na wakati unasubiri nyunyiza mbolea ya majani yenye madini ya chuma kutoka duka la pembejeo. Chungu kipya cha saruji kina shida hiyo hiyo: kijaze maji, yamwage baada ya siku mbili, rudia mara tano au sita kabla ya kupanda.

Ukiona majani ya zamani ndiyo yanayogeuka njano, yanadondoka ovyo, na mmea umelegea ilhali udongo una unyevu, hiyo ni habari nyingine. Mizizi imeoza. Mwenye nyumba akiona umelegea anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Chomeka kidole au kijiti sentimita kumi kwenda chini kabla hujagusa mpira. Kukiwa na unyevu, geuka uondoke.

Kupanda kwenyewe kunahitaji sururu na mtaimbo, maana sehemu nyingi za mji zina tabaka gumu chini ya ule udongo laini wa juu. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, na livunje tabaka hilo. Mimina ndoo mbili za maji ulitazame kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, au kama kiwanja chako ni cha udongo mweusi wa mfinyanzi, usipande humo shimoni. Inua tuta la nusu mita upande juu yake. Ndoo moja ya lita 10 ya samadi ya ng'ombe iliyoiva inatosha. Samadi mbichi ya mbuzi inaunguza mizizi. Kaa mita moja kutoka ukutani, na ukiweza chagua upande wa magharibi wa ukuta: unapata jua lote la alasiri, na ukuta unaukinga mmea na ule upepo wa mashariki wa Julai hadi Septemba unaochana rangi zote kwa wiki moja. Chini ya saa sita za jua kwa siku usitegemee maua.

Miche mingi hufa siku ya kupandwa, na sababu ni mizizi. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika kama uzi wa buibui. Kiriba kisivutwe wala mche usishikwe shina ukang'olewa. Kata kitako kwa wembe, uteremshe shimoni, kisha upasue ubavu na kuchomoa plastiki huku udongo ukiwa umeshaushika mche pande zote.

Atakayetaka kuotesha mwenyewe akate vijiti vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, kutoka kwenye tawi lililoanza kukomaa lakini halijawa kuni. Chini kata mshazari chini kidogo ya jicho, juu kata sawa, majani ondoa yote isipokuwa mawili. Mchanga wa mtoni sehemu mbili, udongo sehemu moja, nusu ya kijiti iingie chini. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka chini ya mwarobaini. Kwa hewa kavu ya hapa, bila chupa hiyo vijiti vingi hukauka ndani ya wiki moja. Vitachipua majani mapema, lakini majani hayo yanaishi kwa akiba ya kijiti. Mizizi huja baada ya wiki sita hadi kumi, na kila unapokivuta kuangalia kama kimeshika unakata ile iliyoanza.

Kwa anayeanza, achague ile ya zambarau yenye jani laini linalong'aa. Inavumilia makosa mengi na miiba yake ni mifupi. Zenye rangi ya chungwa na nyekundu ni nzuri ila zinadai uangalifu zaidi kwenye maji. Zile za maua yaliyojazana kama pamba sizipendekezi kwa mji wenye vumbi kama huu, kwa sababu hazidondoshi yaliyokauka, na utabaki na mashada ya kahawia mpaka uyakate kwa mkono.

Bogenvilia haina vikono vya kushikia, kwa hiyo ukitaka ipande ukuta lazima uifunge. Tumia kamba ya katani na uilegeze kila mwaka, maana waya unazama kwenye gome. Vidukari na vidung'ata vikija kwenye ncha changa, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, asubuhi, mara mbili kwa wiki, vinakwisha. Mbuzi ni hatari kuliko wadudu wote hao: mwaka wa kwanza zungushia mche miiba au tofali. Na matawi uliyoyapogoa usiyatupe barabarani. Mwiba wa bogenvilia uliokauka unapita kwenye tairi la bodaboda na kwenye ndala ya mtoto anayetoka shule. Yafukie, au yachome siku isiyo na upepo.