Jumamosi rangi, mchana simba

Eti wamisionari wastaafu, mume na mke, wapake rangi darasa Karatu Jumamosi asubuhi, mchana washuke kreta ya Ngorongoro. Nani hupanga hivi? Plasta mpya inataka kama wiki nne ikauke. Ukuta wa zamani unakwanguliwa, unapigwa msasa, unafutwa vumbi, ndipo praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, kisha rangi yenyewe mara mbili, masaa kadhaa katikati. Gari la kwenda kreta linanguruma nje, basi kwa haraka rangi inapakwa juu ya vumbi; masika ikija, inabanduka magamba na mwalimu mkuu anatafuta fundi. Na kreta hawaifaidi, geti linafungwa saa kumi na mbili jioni! Washuke Ijumaa alfajiri. Jumamosi wakwangue tu, rangi wamwachie fundi.