Hanania, Yeremia na ahadi ya miaka miwili

"Amani, Amani, wala hapana amani." Yeremia 6:14 hurushwa haraka kwa kiongozi yeyote anayewatuliza watu, kana kwamba Biblia imekataza faraja. Ugumu wenyewe uko sura ya 28.

Ni mwaka wa nne wa Sedekia, mfalme wa Yuda, yapata 594 au 593 KK. Mfalme Yekonia aliyemtangulia na vyombo vya hekalu vimeshachukuliwa Babeli tangu 597 KK. Nabii Hanania wa Gibeoni anatangaza hekaluni, mbele ya makuhani, kwamba ndani ya miaka 2 vyote vitarudi, pamoja na mfalme na mateka. Anaivua nira shingoni mwa Yeremia, ishara kwamba watu waitumikie Babeli, na kuivunja.

Tumtendee haki Hanania: hoja alikuwa nayo. Mwaka 701 KK Isaya alisema Senakeribu, mfalme wa Ashuru, hataingia Yerusalemu, na kweli hakuingia. Isitoshe, Nebukadneza alikuwa ametoka kuzima uasi kwake Babeli. Aliyesimama hekaluni siku ile angeweza kabisa kumwona Hanania ndiye mwenye imani, na Yeremia msaliti. Wala sura haisemi kwamba alihongwa, tofauti na manabii wa Mika 3:11 waliobashiri kwa fedha. Kwa hiyo kukagua mfuko wa mhubiri hakutoshi.

Kipimo cha Kumbukumbu la Torati 18:22, kwamba neno lisipotimia Bwana hakulinena, ni cha kweli, ila kinachelewa. Wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walikuwa wamekuja kwa Sedekia (Yeremia 27:3), na suala la kuitumikia Babeli au kuasi halikungoja miaka 2 ipite. Hata Yeremia alianza kwa kusema "Amina", na nira ilipovunjwa akaenda zake. Jibu lilikuja baadaye.

Mimi naona tofauti iko kwenye kile ambacho faraja inamdai msikilizaji. Wazee wa nchi wanakumbusha katika Yeremia 26:18-19 kwamba Hezekia, mfalme wa Yuda wakati wa Senakeribu, alipoonywa na Mika alimcha Bwana na kumsihi. Wokovu wa 701 haukumkuta mtu anayebembelezwa tu. Hanania hakumdai mtu chochote. Wizi, kiapo cha uongo, uonevu wa mgeni, yatima na mjane, mambo ambayo Yeremia aliyataja langoni pa hekalu (sura ya 7), yaliachwa kama yalivyo. Ndiyo maana Ezekieli 13 inashambulia chokaa iliyopakwa ukutani: inaficha ubovu mpaka mvua kubwa na mawe yanauangusha ukuta na msingi kuonekana. Na anayeamini atarudi kwao baada ya miaka 2 hajengi nyumba wala hapandi bustani, yale yale ambayo barua ya sura ya 29 iliwaagiza mateka wafanye, kwa sababu muda ni miaka 70.

Lakini wanaodhani nabii wa kweli ni yule wa kutisha tu nao wamekosea. Sura ya 32, mji ukiwa umezingirwa na yeye amefungwa uani mwa walinzi, Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Akatia sahihi hati mbele ya mashahidi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi, kwa kuwa nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Hiyo ni faraja kamili, iliyotolewa na mtu ambaye hakuacha kusema kwamba mji utatekwa.