Mratibu wa Mashambulizi

Kosa langu lilikuwa moja tu: kumsimulia mjomba kwenye simu mambo ya huku Columbus, Marekani. Ilikuwa Februari 2024. Nikamwambia, "Mjomba, huku hapakaliki, tumeletewa mratibu mpya wa mashambulizi."

Kimya. Nikamsikia anapunguza redio.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "anamshambulia nani? Na pasipoti yako iko wapi?"

Dakika 20 zikaishia kumweleza kuwa ni mpira wa Kimarekani, timu ya Ohio State, wanafunzi wa chuo. "Wanafunzi?" Ndiyo. "Wanachezea wapi?" Mjomba, jaza Mkapa pomoni, watu elfu 60, halafu ongeza wengine elfu 40 na ushee. "Na masomo?" Hilo tuliache.

Sasa mimi ni mtu wa Yanga, nimekuja huku kubeba maboksi ghalani. Mapumziko nusu saa, maikrowevu moja, watu 30. Na mbele ya maikrowevu hiyo wamesimama mabwana watatu wanabishana kuhusu huyo mratibu mpya, Chip Kelly. Ugali wangu umekuwa tofali, mchicha umenuna, hakuna anayesogea.

Kisa chenyewe kina utamu wake, sikatai. Januari walimwajiri Bill O'Brien kuwa mratibu. Hata unga wa mwezi hajamaliza, huyo, kaenda kuwa kocha mkuu Boston College. Ndipo akaja Kelly, ambaye alikuwa kocha mkuu UCLA, akaacha ukuu kuja kuwa msaidizi wa Ryan Day, kocha mkuu wa huku. Na Day ni mwanafunzi wake! Alikuwa kwotabeki, yaani mrusha mpira, pale chuo cha New Hampshire, Kelly ndiye akimpangia mashambulizi. Mwalimu karudi kuajiriwa na mwanafunzi. Kwetu tungeuliza nani kamroga.

Wazee wa ghalani wanataka mpira ubebwe upite katikati, mabavu, kama enzi za kocha wao wa zamani Woody Hayes: yadi tatu na wingu la vumbi. Vijana wanataka urushwe mbali. Kila mmoja angeifanya kazi ile vizuri zaidi ya mwenye kazi, na hakuna hata mmoja anayejua kufungua mlango wa maikrowevu.

Kazi yenyewe ni hivi: kati ya shambulio na shambulio kuna sekunde 40. Mratibu anachagua la kucheza, na tangu msimu huo wa 2024 sauti inaingia moja kwa moja kwenye kofia ya mchezaji mmoja. Zikibaki sekunde 15, inakatwa. Hapo ndipo nilipoona wivu. Mimi pia navaa spika masikioni, inaniambia boksi gani rafu gani, usiku kucha, na haikatwi hata nikiwa msalani.

Basi ikafika wiki ya Michigan, mahasimu wao wakubwa. Pale chuoni kila herufi M kwenye vibao inapigwa msalaba wa utepe mwekundu, utadhani ni nyumba za kubomolewa kupisha barabara. Jumamosi, Novemba 30, wakafungwa nyumbani 13 kwa 10. Ya nne mfululizo! Jumatatu salamu hakuna. Mzee jirani yangu akanivamia nikitoa takataka: "Kwa nini alikuwa anawapitisha katikati tu, katikati tu?" Ananikazia macho kama mimi ndiye niliyekuwa kwenye ile kofia.

Januari 2025 hao hao wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23, ubingwa wa taifa. Mzee yule yule: "Nilisema toka mwanzo huyu Kelly ni fundi." Ulisema lini, babu? Kwenye takataka?

Mwezi haukupita sawasawa, Kelly akaenda zake Las Vegas kwenye ligi ya kulipwa. Akapandishwa Brian Hartline, mwalimu wa wadaka pasi, mtoto wa nyumbani aliyewahi kuchezea hapo hapo. Mzee akanikuta nje nasukuma theluji. "Unaonaje huyu kijana?"

Nilitaka kumjibu mimi ni Yanga. Wallahi nilitaka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kufundisha watu kudaka ni kimoja, mzee wangu. Kupanga shambulio ni kingine."

Akaegemea koleo lake. Nikaegemea langu. Tulipomaliza, nilikuwa sivisikii vidole vya miguu, na njia tuliyoisafisha ilikuwa imejaa theluji upya.

Naingia ndani, simu inaita. Mjomba.

"Nasikia yule mratibu wenu kaondoka."

"Umesikia wapi?"

"Wewe niache. Huyu mpya anapenda kurusha au kupita katikati?"

Nikaweka simu mezani, nikaenda kuangalia pasipoti iko wapi.